Maradhi sugu: nasaha bila sheria ni kumlaumu mgonjwa

Tangu siku za kwanza za uhuru, wananchi wa Tanzania walielezwa kwamba taifa lina maadui watatu, nao ni ujinga, umaskini na maradhi. Wakati ule kila aliyesikia neno maradhi alifahamu ni nini kinachosemwa: malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa na vichaka vilivyozunguka nyumba vikafyekwa. Ilikuwa ni vita ya wananchi wenyewe, na haki yake katika historia ya nchi haiwezi kufichwa.

Adui yule hajaondoka, lakini amepata jeshi la pili. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kutangazwa mwaka 1989 ulikuta kwamba wenye kisukari hawafiki mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba wenye kisukari ni takriban 9 katika kila 100, na wenye shinikizo la damu takriban 26. Chunguzi hizo hazikupima watu wa aina moja, kwa hiyo haifai kuzilinganisha tarakimu kwa tarakimu. Hata hivyo, hakuna mwenye akili timamu awezaye kudai kwamba hakuna kilichobadilika. Katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, sehemu ya vifo vinavyoletwa na maradhi yasiyoambukiza ilipanda kutoka asilimia 24 mwaka 2000 hadi asilimia 37 mwaka 2019.

Jambo la kusikitisha si kuja kwa jeshi hilo tu, bali ni silaha ambazo viongozi na wataalamu wengi wamechagua kulipiga. Silaha yao kubwa ni nasaha. Kila mwaka mabango hutundikwa, fulana huvaliwa, matembezi ya asubuhi hufanywa, na wananchi huambiwa wapunguze chumvi, wapunguze sukari, waache sigara na wafanye mazoezi. Baada ya hapo kila mtu hurudi nyumbani, na maduka hufunguliwa kama jana.

Kasumba mbili

Nyuma ya desturi hiyo zimejificha kasumba mbili, na hapana budi zifichuliwe.

Kasumba ya kwanza ni ile isemayo kwamba kisukari, kiharusi, maradhi ya moyo na saratani ni magonjwa ya matajiri, yaani adhabu ya watu walioshiba kupita kiasi. Anayeamini hivyo aende asubuhi moja katika kliniki ya hospitali yoyote ya wilaya, awatazame waliokaa kwenye mabenchi. Atawakuta wakulima, mama wauza vitumbua, makuli, makarani na walimu wa shule za msingi. Tajiri akipata presha hupimwa mapema, hununua vidonge na kuishi miaka mingi. Kabwela hugundua kwamba ana presha siku anapoanguka na upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Kisukari kikifika kwenye figo, kaya huuza ng'ombe, kisha huuza shamba, na mwisho hubaki na kaburi pamoja na deni. Maradhi hayo hayamfuati mtu kwa sababu ni tajiri, ila humwacha maskini zaidi kuliko alivyomkuta.

Kasumba ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu imevaa joho la hekima. Inasema kwamba afya ni hiari ya mtu binafsi, na kwamba anayeugua amejitakia. Hii ndiyo falsafa inayopendwa sana na wenye viwanda vya sigara, pombe na vinywaji vya sukari, na si ajabu ikawa hivyo. Mgonjwa akikubali kwamba kosa ni lake peke yake, hatauliza ni nani aliyemuuzia, ni nani aliyetangaza, wala ni nani aliyeruhusu.

Mbu hana wakala

Kati ya vita ya mwaka 1973 na vita ya leo ipo tofauti moja kubwa ambayo wahubiri wa nasaha hawaitaji. Mbu hana kampuni. Konokono wa kichocho hana wakala wa matangazo, wala hafadhili ligi ya kandanda. Safura haikuwahi kupeleka mwanasheria mahakamani ili kuzuia watu wasivae viatu. Mwananchi wa mwaka 1973 alipofundishwa kuchimba choo, hapakuwa na mtu aliyepata hasara choo kile kilipochimbwa.

Leo mambo ni mengine. Mwalimu anayewaeleza wanafunzi madhara ya sigara kwa dakika 40 darasani anashindana na biashara yenye mitaji mikubwa, isiyolala, na inayomhitaji mvutaji mpya kila anapokufa mvutaji wa zamani. Kumpeleka mwalimu huyo vitani akiwa na chaki tu, huku serikali ikiwa na kalamu ya kutunga sheria na kutoza kodi, si kuielimisha jamii. Ni kumtoa mwalimu kafara.

Maradhi haya yana wanaofaidika nayo. Kwa sababu hiyo kinga yake ya kwanza ni uamuzi wa dola. Huu si ubunifu wa mezani. Nchi za Afrika zimekwisha kuuthibitisha.

Mfano wa kisiwa kidogo

Mauritius, ambayo imo pamoja na Tanzania katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ni kisiwa kidogo kisichofikia ukubwa wa mikoa mingi ya Tanzania. Mwaka 1987 nchi hiyo iligundua kwamba kisukari na maradhi ya moyo vimewaelemea watu wake. Serikali ilianzisha mpango wa taifa. Wananchi walielimishwa kwa redio, shuleni na makazini, kama ilivyo desturi kila mahali. Lakini serikali ile haikuishia hapo. Mafuta ya kupikia ya bei nafuu, ambayo yalitumiwa na kaya nyingi, yalikuwa yakitengenezwa zaidi kwa mawese. Serikali iliamua yatengenezwe kwa soya.

Mama wa Mauritius hakulazimika kuhudhuria semina ili mafuta ya sufuria yake yabadilike. Alikwenda dukani kama kawaida, akanunua mafuta kama kawaida, akapika kama kawaida. Wataalamu walipopima tena mwaka 1992, wastani wa lehemu katika damu ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita. Wanaume wenye shinikizo la damu walikuwa wamepungua kutoka asilimia 15 hadi 12, na wanaume wavutaji sigara kutoka asilimia 58 hadi 47. Unene wa kupindukia, ambao haukuguswa na amri ya namna ile, uliongezeka katika miaka hiyo hiyo, na kisukari hakikupungua. Somo liko wazi kwa kila anayetaka kusoma: pale dola ilipobadilisha kitu chenyewe, watu walipona, pale ilipobaki kushauri, maradhi yaliendelea na safari yake.

Nchi hiyo haikulala baada ya hapo. Mwaka 2009 ilikuwa ya kwanza katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani kuweka picha za onyo kwenye pakiti za sigara, na mwaka 2023 ikawa ya kwanza kuzivua pakiti hizo rangi na nembo zake za kuvutia.

Kusini na Mashariki

Afrika Kusini nayo ilianza kudhibiti tumbaku kwa sheria ya mwaka 1993, ikaiimarisha mwaka 1999, na katikati ya hapo ikapandisha ushuru wa sigara mwaka hadi mwaka. Watu wazima wanaovuta walipungua kutoka takriban asilimia 32 mwaka 1993 hadi takriban asilimia 24 mwaka 2003. Kuanzia Juni 2016 kanuni zake ziliweka kikomo cha chumvi ambayo kiwanda kinaweza kuitia ndani ya mkate na vyakula vingine. Mlaji hakuombwa kupima chumvi kwa kijiko. Mwoka mikate ndiye aliyeamriwa.

Mwezi Aprili 2018 ulifuata ushuru wa vinywaji vyenye sukari, uliotozwa kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Wenye viwanda walipiga kelele, wakalia kwamba ajira zitakufa, na kelele zao zilisikilizwa mno: ushuru uliokusudiwa kufikia kama asilimia 20 ya bei ulipunguzwa hadi karibu asilimia 11. Hata hivyo, utafiti wa manunuzi ya kaya ulionyesha kwamba sukari iliyoingia majumbani kwa njia ya vinywaji hivyo ilipungua kwa takriban theluthi moja. Ikiwa nusu ya dawa imefanya kazi hiyo, dozi nzima ingefanya nini?

Afrika Mashariki haikubaki nyuma, ingawa haikwenda kwa hatua moja. Kenya ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Ilipotoa kanuni za kuitekeleza mwaka 2014, tawi la kampuni ya British American Tobacco lilikwenda mahakamani. Kesi ilipanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufaa, na kutoka hapo hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Novemba 2019 iliitupa rufaa ya kampuni. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2015. Ilipiga marufuku shisha, ikakataza kumuuzia tumbaku mtu asiyefika miaka 21, na ikaagiza onyo la picha na maneno lifunike asilimia 65 ya pakiti, ili hata asiyejua kusoma aelewe anachokinunua. Huko nako kampuni ilikwenda Mahakama ya Katiba, na huko nako ilishindwa, mwaka huo huo wa 2019.

Kila mwenye macho na atafakari: katika kesi hizo kampuni hazikupeleka mahakamani bango la kuwashauri watu wasivute. Kilichopelekwa ni sheria. Adui mwenyewe ameonyesha ni silaha gani anayoiogopa.

Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza barani kuwapa wasichana wake, nchi nzima, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2011. Tanzania ilifuata mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa kuwashambulia wanawake wa Tanzania, na chanjo hiyo hutolewa zaidi shuleni, chini ya macho ya walimu. Na tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba. Kabla ya siku hiyo ilisemwa kwamba haiwezekani, kwamba viwanda vitakufa na kodi itapotea. Viroba vikaondolewa, na nchi haikuanguka. Pombe iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya chini kabisa, ikifichwa katika mfuko wa kaptula ya mwanafunzi na chini ya kiti cha dereva, ilitoka sokoni kwa uamuzi, wala si kwa mahubiri.

Hoja za wapinzani

Wapinzani wa njia hii wana hoja tatu, na zote zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni ya mkulima. Husemwa kwamba Tanzania ni mmoja wa wazalishaji wakubwa wa tumbaku barani Afrika, na kwamba kubana sigara ni kumnyima chakula mkulima wa Urambo na Chunya. Huu ni ulaghai. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje ya nchi. Picha ya onyo kwenye pakiti inayouzwa Kariakoo haipunguzi hata senti moja katika bei ya jani linalopimwa Tabora. Mkulima yule anayeliliwa na wenye viwanda ndiye anayechukua pembejeo kwa mkopo, anayefyeka miombo ili akaushe jani lake, na anayesubiri bei itajwe na mnunuzi. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku wenyewe unazitaka serikali kumsaidia mkulima kupata mazao mbadala. Anayempenda kweli mkulima na aanzie hapo, asimtumie kama ngao.

Hoja ya pili ni ya kodi. Husemwa kwamba bidhaa hizi zinalisha hazina. Afrika Kusini imekwisha kuijibu hoja hiyo: ushuru wa sigara ulipopandishwa katika miaka ya 1990, uvutaji ulipungua huku mapato ya serikali yakiongezeka. Aidha, hazina inayohesabu kodi iliyoingia bila kuhesabu vitanda vya hospitali, figo zinazosafishwa kwa mashine na wafanyakazi wanaokufa wakiwa na miaka 50, ni sawa na mwenye duka anayehesabu mauzo na kusahau madeni.

Hoja ya tatu ni ya uhuru wa mtu. Lakini kijana wa miaka 15 anayetegwa kwa sigara moja moja karibu na lango la shule hana uhuru wowote, ananyang'anywa. Wala mkazi wa mjini hawezi kuchagua chumvi iliyomo ndani ya mkate uliokwisha kuokwa. Uhuru wa mtu mmoja kuuza sumu bila kuandika jina lake haukuwahi kuwa uhuru wa wengi.

Kazi iliyobaki

Maendeleo yaliyopatikana katika kanda hii ni ya kweli, lakini ni ya vipande vipande. Kila nchi imefanya jambo moja jema na kuacha matatu. Tanzania ilitunga sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na ikaridhia mkataba wa kimataifa mwaka 2007. Sheria iliyoutangulia mkataba kwa miaka minne haiwezi kudaiwa kwamba ilitungwa ili kuutekeleza. Mwezi Novemba 2019 serikali ilizindua mpango wa taifa wa kukinga na kudhibiti maradhi yasiyoambukiza, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Hayo ni mambo ya kupongezwa. Lakini bima bila kinga ni kuteka maji kwa pakacha. Mfuko wowote, hata uwe mkubwa namna gani, utakauka ikiwa viwanda vinaruhusiwa kuzalisha wagonjwa kwa kasi kuliko hospitali zinavyowatibu.

Wapo watakaosema kwamba fedha hakuna, na kwamba wafadhili wangojewe. Wafadhili hao wametenga kwa maradhi haya sehemu ndogo mno ya misaada yao ya afya, takriban asilimia 2. Nchi inayosubiri hapo itasubiri hadi kiama. Uzuri wa sheria ni kwamba haihitaji mfadhili. Kikomo cha chumvi hakijengwi kwa saruji. Picha ya onyo huchapwa kwa gharama ya kiwanda. Ushuru unaopimwa kwa gramu za sukari, badala ya kuhesabu chupa na lita tu, huleta fedha badala ya kuzila. Huko ndiko kujitegemea katika afya.

Kazi hiyo haiwaachi kando watumishi wa serikali. Kifungu cha 5.3 cha mkataba wa tumbaku kinataka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya wenye biashara hiyo. Maana yake ni kwamba ofisa anayeandika rasimu ya kanuni asiwe ndiye anayepokea safari, chakula cha jioni au ufadhili wa semina kutoka kwa yule anayekusudiwa kudhibitiwa. Na kama semina ya kisukari bado inafungwa kwa kreti za soda zilizonunuliwa kwa fedha ya umma, basi washiriki wake hawajaelewa walichokwenda kujifunza. Mkuu wa ofisi anayeamua mezani pawekwe maji safi na matunda ametunga sera ndogo, na haikumgharimu lolote.

Walimu nao wana dola yao ndogo, nayo ni uwanja wa shule. Kamati ya shule ndiyo inayoamua ni nani atakayeruhusiwa kuuza ndani ya uwanja na auze nini. Shule inayofundisha lishe bora saa 4 asubuhi na kuruhusu soda na pipi ziuzwe saa 4 na nusu, imekifuta yenyewe kile ilichoandika ubaoni. Na msichana anayekosa chanjo kwa sababu mwalimu hakuwajibu wazazi walioogopeshwa na uvumi, atakuja kudai haki yake miaka 30 baadaye akiwa kitandani.

Nasaha ina mahali pake, wala hakuna anayetaka redio zinyamaze. Lakini nasaha ni ya kumwandaa mwananchi aielewe sheria na kuidai, si ya kushika mahali pa sheria. Mwaka 1973 wananchi walipoambiwa wafukie madimbwi, walipewa majembe. Leo wameambiwa wapambane na adui mwenye kiwanda, wakili na tangazo. Kuwapa fulana peke yake ni dhihaka. Wapewe sheria.